Maji Yakiingia kwenye Giaboksi, Kumwaga Oili Mara Moja Hakutoshi

Swali: Oili ya giaboksi ya gari langu la otomatiki imegeuka rangi ya waridi, nzito kama maziwa. Je, naweza kuisafisha mwenyewe nyumbani?

Jibu: Unaweza, mradi uanze na chanzo. Rangi hiyo ni dalili ya maji. Katika magari mengi oili hiyo hupozwa ndani ya rejeta. Kipoza cha oili kilichomo humo kikitoboka, maji na oili huchanganyika. Badilisha rejeta kwanza, la sivyo utasafisha bure. Kisha elewa kwamba ukimwaga, oili nyingi hubaki ndani ya toki konveta, kifaa kinachounganisha injini na giaboksi. Tuseme giaboksi inabeba lita 8 na zinatoka 4: uchafu unabaki nusu, mara ya pili robo, mara ya tatu asilimia 12.5, mara ya nne kama 6. Kila mara jaza oili ya aina aliyotaja mtengenezaji, washa injini, pitisha gia zote taratibu, zima, mwaga tena. Mwishoni badilisha filta.

Wapo wanaosema oili mpya huua giaboksi kuukuu. Hofu hiyo ina msingi kwa mashine za kusukuma oili kwa shinikizo, zinazoweza kuhamisha uchafu. Lakini hapa adui mkubwa ni maji, kwani hulegeza gundi ya diski za klachi. Kila siku ya kungoja inaongeza hasara. Ikiwa gia tayari zinateleza, huenda diski zimeharibika, na oili haitaziponya: giaboksi ifunguliwe na fundi.