Popo: Tujikinge Bila Kuwaua
Wapo wanaoamini kila popo ana ugonjwa. Sivyo. Popo wengine hula wadudu waharibifu; wengine huchavusha maua ya mbuyu.

Hata hivyo, tahadhari inafaa. Watu wawili waliozuru pango la Kitum, Mlima Elgon, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walifariki kwa homa ya Marburg. Virusi vyake hubebwa na popo wala matunda waishio mapangoni.

Kuwapiga mawe au kuwatimua kwa moshi huwatawanya na kuwakaribisha zaidi kwa watu. Usimshike popo kwa mikono mitupu, wala usile tunda lililotafunwa. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha fika kituo cha afya mara moja.