Je, Umri wa Kunywa Pombe Upunguzwe?

Ndugu msomaji, katika nchi ya Marekani umekuwapo kwa muda mrefu mjadala ambao mtu aliye mbali aweza kuudhani kuwa ni jambo dogo. Je, kijana aruhusiwe kununua pombe afikapo umri wa miaka 18, au angoje mpaka atimize miaka 21? Sheria ya nchi hiyo yasema 21. Wako watu si haba, na miongoni mwao wasomi wakubwa, wasemao kwamba umri huo upunguzwe. Katika somo hili tutazipima hoja zao kwa uadilifu, tutatazama yaliyotokea pale umri ulipopunguzwa, kisha tutauliza swali ambalo pande zote mbili hulipita kando.

Wala asiseme mtu: "Sisi Waislamu tumekatazwa pombe katika umri wowote, basi mjadala huu watuhusu nini?" Watuhusu sana. Vijana wetu huenda kusoma ng'ambo, na hata wale waliobaki nyumbani huzisikia hoja hizi kutoka kwa wenzao kila siku. Wanafunzi wa chuo ninachofundisha huulizwa maswali haya mitaani, nao huja nayo darasani. Mwalimu au mzazi asiyejua kujibu ila kwa neno moja tu, "haramu", amesema kweli. Lakini amemwacha kijana peke yake mbele ya hoja asiyoweza kuijibu.

CHANZO CHA SHERIA HIYO

Yafaa ifahamike kwanza jinsi sheria hiyo ilivyopatikana. Kuanzia Januari 1920 Marekani ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe nchini kote. Marufuku hiyo ilidumu hadi Desemba 1933, ilipoondolewa kwa badiliko la 21 la Katiba. Tangu hapo kila jimbo liliachiwa kujiwekea sheria zake za pombe, na majimbo mengi yakachagua umri wa miaka 21, ambao ndio uliokuwa umri wa kupiga kura wakati ule.

Vita vya Vietnam vilileta mabadiliko. Vijana wa miaka 18 walikuwa wakiandikwa jeshini na kupelekwa kufa, ilhali hawakuwa na haki ya kumchagua kiongozi aliyewapeleka. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, na mwezi wa Julai 1971 badiliko la 26 la Katiba liliwapa haki ya kura. Lakini watu hawakukomea kwenye kura. Walisema, kama kijana huyu ni mtu mzima wa kupiga kura, basi ni mtu mzima wa kunywa pombe pia. Kati ya mwaka 1970 na 1975 majimbo 29 yalipunguza umri wa kunywa, mengi yao hadi miaka 18, na mengine hadi 19 au 20.

Matokeo hayakuchelewa. Ajali za magari zilizohusu vijana ziliongezeka katika majimbo mengi yaliyopunguza umri. Zaidi ya hayo, kijana wa jimbo lenye umri wa 21 aliendesha gari hadi jimbo jirani lenye umri wa 18, akanywa huko, kisha akarudi usiku akiwa amelewa. Tangu mwaka 1976 baadhi ya majimbo yalianza kurudi nyuma na kuupandisha umri tena.

Mwaka 1980 mama mmoja wa California, Candace Lightner, ambaye binti yake wa miaka 13 aliuawa kwa kugongwa na dereva mlevi, aliunda chama cha akina mama wapingao uendeshaji wa magari katika ulevi. Sauti yao ilisikika nchi nzima. Tarehe 17 Julai 1984 Rais Ronald Reagan, aliyekuwa kwanza akipinga serikali kuu kuyaingilia majimbo katika jambo hili, alitia sahihi sheria iliyosema kwamba jimbo lisiloweka umri wa miaka 21 kwa kununua pombe na kuwa nayo hadharani litakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu: asilimia 5 mwaka wa kwanza, na asilimia 10 baadaye. Jimbo la South Dakota, lililowaruhusu vijana wa miaka 19 kununua bia hafifu, lilishtaki. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli ya majaji 7 dhidi ya 2, iliikubali sheria hiyo. Kufikia mwaka 1988 majimbo yote yalikuwa yametii.

HOJA ZA WATAKAO UMRI UPUNGUZWE

Hoja ya kwanza ni ya haki. Husema: kijana wa miaka 18 hupiga kura, huoa, hufunga mikataba na hubeba bunduki vitani, itakuwaje akatazwe glasi ya bia?

Hoja hii yavutia, lakini tuitazame kwa makini. Katiba ya Marekani yenyewe haikuweka umri mmoja kwa mambo yote. Mtu hawezi kuwa mbunge wa Baraza la Wawakilishi kabla ya miaka 25, wala seneta kabla ya miaka 30, wala Rais kabla ya miaka 35, na hakuna aonaye kwamba amedhulumiwa. Kila jambo lina umri wake kwa kadiri ya hatari iliyomo. Ama kuhusu bunduki, kijana hapewi ila baada ya mafunzo, na hata hapo huishika chini ya amri ya mkubwa wake. Na jeshi lile lile linalomwamini kwa bunduki halikubali aishike akiwa amelewa, awe na miaka 18 au 50. Basi mfano wa bunduki haumtetei mnywaji, bali wamshuhudia dhidi yake.

Hoja ya pili ni kwamba sheria hii huvunjwa, na kuvunjwa kwake huleta madhara. Mwaka 2008 John McCardell, aliyekuwa amewahi kuongoza Chuo cha Middlebury katika jimbo la Vermont, aliwakusanya wakuu wa vyuo vikuu na vyuo vingine wakatia sahihi tamko la kutaka jambo hili lijadiliwe upya. Waliotia sahihi walizidi 130. Walisema kwamba wanafunzi wao hunywa kwa siri vyumbani, kwa pupa na kwa wingi, na kwamba wakipatwa na hatari huogopa kuita msaada.

Wakuu hao hawakusema uwongo. Ulevi wa vyuoni ni msiba wa kweli. Lakini je, dawa ya sheria inayovunjwa ni kuilegeza? Wanafunzi wengi wa vyuo hivyo wamekwisha kutimiza miaka 21, nao wanakunywa kwa halali. Hata hivyo uhalali huo haukuwafundisha kiasi.

Hoja ya tatu hutazama Ulaya. Husemwa kwamba huko mtoto hufundishwa kunywa kidogo kidogo mezani pa wazazi wake, naye hukua bila uroho wa pombe. Lakini la ajabu ni kwamba nchi zinazotolewa mfano zimekuwa zikielekea upande mwingine. Ufaransa mwaka 2009, Italia mwaka 2012 na Uholanzi mwaka 2014 zilipandisha umri wa kuuziwa bia na mvinyo kutoka miaka 16 hadi 18. Lithuania iliupandisha kutoka 18 hadi 20 mwaka 2018. Kama mezani pa wazazi pangetosha kuwa shule ya kiasi, nchi hizo zisingehitaji kufanya hivyo.

YALIYOTOKEA UMRI ULIPOPUNGUZWA

Ndugu msomaji, hatuna haja ya kubahatisha, kwa kuwa jaribio limekwisha kufanywa. Mbali na yale ya Marekani tuliyoyataja, nchi ya New Zealand ilipunguza umri wa kununua pombe kutoka miaka 20 hadi 18 mnamo Desemba 1999. Wachunguzi walilinganisha ajali za magari za kabla na za baada ya hapo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Ilionekana kwamba vijana wa miaka 18 na 19 walizidi kujeruhiwa, wakilinganishwa na wale wa miaka 20 hadi 24 ambao sheria haikuwagusa. Na si hao tu, bali hata watoto wa miaka 15 hadi 17, ambao sheria mpya haikuwaruhusu kamwe.

Hapa pana funzo kubwa. Umri ulioandikwa katika sheria hauishii pale ulipoandikwa, bali huteremka. Kijana wa miaka 18 akiruhusiwa kununua, ana mdogo wake wa miaka 16 nyumbani na rafiki wa miaka 17 darasani. Anayeshusha mlango kwa ajili ya mkubwa humfungulia na mdogo.

Kwa upande wa Marekani, idara ya serikali inayosimamia usalama wa barabarani imekadiria kwamba sheria za umri wa kunywa ziliokoa maisha ya watu zaidi ya 31,000 kati ya mwaka 1975 na 2017. Ni kweli kwamba mikanda ya magari na adhabu kali kwa madereva walevi zilisaidia pia kupunguza vifo. Lakini hesabu hiyo ilikusudiwa kupima fungu la sheria hizi peke yake. Kadhalika, wachunguzi wa taasisi ya serikali ya Marekani ishughulikiayo ulevi walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walifikia utumwa wa pombe mara nne zaidi ya wale walioanza wakiwa na miaka 21. Basi tukiulizwa kama umri upunguzwe, jibu letu ni wazi: La. Mlango uliowazuia watu wasife usivunjwe kwa sababu wako waurukao.

SWALI LILILOACHWA KANDO

Hata hivyo, tukikomea hapo tutakuwa tumejibu nusu tu. Angalia, msomaji mpenzi, kwamba upande mmoja wasema "kunywa sasa", na wa pili wasema "ngoja kwanza". Wote wawili wamekubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba pombe ni alama ya utu uzima. Kijana aambiwaye "ngoja mpaka uwe mtu mzima" hafahamu kwamba pombe ni mbaya, bali hufahamu kwamba ni tuzo iliyowekwa mwisho wa safari. Ndiyo maana huko wengi huisherehekea siku ya kutimiza miaka 21 kwa kulewa.

Sasa tuulize, utu uzima ni nini? Katika mafundisho ya Islam, mtoto hahesabiwi makosa mpaka abalehe, wala mwenye wazimu mpaka apate fahamu. Kwa hiyo utu uzima ni kukamilika kwa akili, na pamoja na akili huja wajibu. Mtu mzima ni yule anayeweza kuulizwa kwa alilolitenda. Basi yawezekanaje mtu aadhimishe siku ya kupata akili kwa kuiondoa akili hiyo? Huyo amejirudisha kwa mkono wake mwenyewe katika hali ya mwenye wazimu, ilhali wajibu wake ungali juu ya mabega yake.

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, haikatai kwamba pombe ina faida fulani kwa watu. Bali yafundisha kwamba madhara yake ni makubwa kuliko faida. Hii ndiyo mizani ya haki, na baadaye katika Sura Al-Maida wakaamriwa kujiepusha nayo kabisa. Na walipoamriwa, watu wa Madina waliimwaga njiani bila ya polisi kuwasimamia, kwa sababu nyoyo zilikuwa zimekwisha kutayarishwa. Marufuku ya Marekani ya 1920 ilikuwa na polisi, lakini nyoyo za wengi hazikuwa pamoja nayo. Sheria ni ukuta wenye manufaa. Lakini ukuta haulei mtoto.

MAFUNZO KWETU

Jambo hili halipo mbali nasi. Nchini Kenya, ambako sheria ya mwaka 2010 iliweka umri wa miaka 18, serikali ilitoa mwaka 2025 sera yenye pendekezo la kuupandisha hadi miaka 21. Mjadala ule ule umefika mlangoni petu, na hoja zile zile za kura na haki zimekwisha kusikika. Basi yatupasa kushika mambo matatu.

Kwanza, tusidharau sheria ya nchi kwa kuwa haifiki pale dini ilipofika. Sheria inayookoa maisha ya mtoto wa jirani ni heri, na kuiunga mkono ni wajibu wa raia mwema.

Pili, tusiwaambie watoto wetu "wewe bado mdogo" kana kwamba ubaya wa pombe umo katika udogo wao. Tuwaeleze sababu. Tuwaambie kwamba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya, na kwamba hilo ni kweli kwa mzee kama lilivyo kweli kwa kijana.

Tatu, tuwape alama nyingine ya utu uzima. Kijana apewe amana ya kutunza, apewe nafasi ya kusema katika baraza la nyumba, akabidhiwe kazi ambayo akiiacha itaharibika. Aliyeonja heshima ya kuaminiwa hataitafuta heshima hiyo ndani ya chupa. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi na amwone baba yake na mama yake wakiwa watu wazima kwa akili zao, wala si kwa vinywaji vyao.

Mwenyezi Mungu azilinde akili za vijana wetu, na atuwezeshe sisi tulio wakubwa kuwa mfano unaostahili kufuatwa. Amin.