Kompyuta ya Nyumbani na Stima Isiyotulia

Hapa Eldoret mvua ya jioni ikianza, stima nayo huanza kuchezacheza: taa hufifia, huwaka kupita kiasi, kisha giza. Tulimwona mweka hazina wa kikundi cha akina mama akipoteza hesabu za mwezi mzima hivyo. Basi tujifunze kabla ya kununua.

1. Tazama nyuma ya kompyuta. Nyingine za mitumba zina swichi ndogo ya 115 na 230. Stima yetu ni volti 240, kwa hivyo iweke kwenye 230. Ukiiwasha ikiwa kwenye 115, pawa saplai itaungua.

2. Jua kazi ya kila kifaa. Stebilaiza hurekebisha stima ikipanda au kushuka, lakini stima ikipotea, nayo huzima. UPS ina betri: hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri, si za kukesha.

3. Jumlisha wati za kompyuta na skrini. Usidanganywe na namba ya VA kwenye boksi. UPS ya VA 650 mara nyingi hubeba wati 360 hivi. Bakisha nafasi. Pasi na printa ya leza zisichomekwe hapo.

4. Radi ikianza, zima na uchomoe waya ukutani.

5. Betri huchoka baada ya miaka michache. Wekeni akiba ya kuibadilisha.

Swali la kujadiliana: Kompyuta yenu ikiungua leo, hesabu za kikundi ziko wapi pengine? Daftari tusilitupe.