Diwani: Kutoka Daftari hadi Baraza la Kisumu

Neno diwani humjia mwanafunzi wa Kiswahili kwa sura mbili. Katika fasihi, diwani ni mkusanyiko wa mashairi. Katika siasa, ni mjumbe aliyechaguliwa kuketi katika baraza la serikali ya mtaa. Makala hii inafuatilia asili ya neno hilo na hatima yake mjini Kisumu.

Kietimolojia, neno hili lilitoka katika Kiajemi likaingia katika Kiarabu, na maana yake ya awali ilihusu maandishi yaliyowekwa pamoja. Katika karne ya 7, Khalifa Umar bin Khattab aliweka diwani, yaani daftari la majina ya askari na malipo yao. Kwa njia ya taashira, jina la daftari likahamia kwenye ofisi iliyolitunza, kisha kwenye baraza. Ushairi ulibaki na maana ya kitabu. Katika upwa wa Waswahili, jina lilimfikia mtu: watawala wa Vumba, kusini mwa pwani ya Kenya, waliitwa madiwani. Upatanisho wa kisarufi hutenganisha maana hizi: diwani hii ni kitabu, diwani huyu ni mtu.

Mabaraza ya miji yalipoundwa bara, cheo hicho cha pwani kilitumiwa kuwaita wajumbe wake. Mjini Kisumu, Grace Onyango alikuwa diwani kabla ya kuwa meya mwaka 1965, mwanamke Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo nchini Kenya.

Katiba ya 2010 ilianzisha serikali za kaunti, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza ya zamani yalikoma. Kaunti ya Kisumu ina wadi 35, na anayechaguliwa katika kila wadi huitwa mwakilishi wa wadi. Ikumbukwe kuwa lililobadilika si jina pekee. Baraza la madiwani lilitunga sheria ndogo na pia kuendesha huduma za mji. Bunge la kaunti hutunga sheria na kuikagua serikali ya gavana, ambayo ndiyo yenye kuzoa taka na kutengeneza soko. Ng'ambo ya ziwa, mjini Mwanza, diwani angali cheo rasmi.

Kwa hiyo, mfasiri anayemwita mjumbe wa leo wa Kisumu diwani humfanya mpiga kura amdai asiyeshika kazi hiyo. Naye anayemwita diwani wa 1965 mwakilishi wa wadi humpunguzia mamlaka aliyokuwa nayo. Visawe vya kamusi havitoshi. Sharti mwaka na mahali vizingatiwe.