Jalada la Santuri kama Matini: Ukusanyaji wa Santuri za Kale na Mfano wa Karatu na Ngorongoro

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili santuri za kale kwa upande ambao wanaisimu wameupa kisogo, yaani maandishi yaliyochapwa juu ya lebo, bahasha na majalada yake. Mtafiti wa nyimbo za Kiswahili amezoea kuisikiliza santuri, kunukuu maneno yaliyoimbwa, kisha kuiweka kando. Mkusanyaji wa santuri huenda kinyume chake. Yeye huanza kwa kuitazama: rangi ya lebo, namba iliyochapwa chini ya jina la wimbo, namba nyingine iliyochongwa katika ukingo mtupu karibu na kitovu cha sahani, na hali ya karatasi iliyoifunika. Dai linalotetewa hapa ni kwamba katika jambo hili mkusanyaji ni mhakiki wa matini kuliko mwanazuoni, na kwamba mwanazuoni anayedharau karatasi hiyo hupoteza ushahidi usiopatikana penginepo.

Eneo la Karatu na Ngorongoro linafaa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, hapa hukutana lugha za asili tofauti kabisa: Kiiraqw ambacho ni cha Kikushi, Kidatooga na Kimaasai ambavyo ni vya Kiniloti, Kihadza cha pembezoni mwa Ziwa Eyasi ambacho hakijathibitishwa kuwa na nasaba na lugha nyingine yoyote, pamoja na lugha za Kibantu za wahamiaji. Wimbo wa Kiswahili ndio uwezao kueleweka na wote hao. Pili, barabara itokayo Arusha kupitia Makuyuni na Mto wa Mbu hadi Karatu, na kutoka hapo hadi ukingo wa kreta, inaunganisha aina mbili za santuri zisizofanana: zile zilizotolewa ng'ambo kwa sifa za mandhari ya huku, na zile za bendi za dansi zilizoanzia miji ya Tanzania zikachapwa Nairobi.

2.0 Maneno ya kazi

Kabla ya kuendelea, yafaa istilahi chache zitazamwe. Neno santuri lina ukoo mmoja na jina la ala ya nyuzi ya Uajemi na nchi za Kiarabu, nalo limehamia kwenye sahani inayotoa sauti. Wazee wa pwani waliiita mashine yenyewe kinanda, jina ambalo awali ni la ala ya muziki vilevile. Lugha, basi, ilikipokea chombo kigeni kwa kukiweka miongoni mwa ala zilizokwisha kujulikana.

Kwa kifuniko, yapo maneno mawili ambayo yasichanganywe. Jalada ni kifuniko kigumu cha santuri ndefu, chenye picha mbele na maelezo nyuma, kama jalada la kitabu. Bahasha ni karatasi nyepesi ya santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, mara nyingi yenye tundu katikati ili lebo isomeke. Bahasha za Afrika Mashariki kwa kawaida zilikuwa za kampuni, si za wimbo: bahasha ya aina moja ilifunika mamia ya nyimbo. Matokeo yake ni kwamba kwa santuri nyingi za dansi lebo ndiyo shahidi pekee wa jina la bendi, jina la mtunzi na mwaka wa kutolewa, pale ulipoandikwa.

Neno gumu zaidi ni chapa. Katika matumizi ya kawaida neno hili hubeba maana ya alama ya biashara, maana ya tendo la kupiga maandishi, na maana ya toleo. Mfugaji wa Ngorongoro anaijua pia chapa ya moto iliyo ubavuni mwa ng'ombe. Mkusanyaji asemaye kwamba anayo “chapa ya kwanza ya Polydor” ametumia maana mbili kwa pumzi moja. Hapa linapendekezwa neno chapa libakie kwa alama ya kampuni, na toleo litumike kwa kila mara sahani ilipokandwa upya. Nakala zilizopelekwa redioni bure ili wimbo utangazwe, ambazo kampuni za ng'ambo zilizipa lebo nyeupe au mhuri wa kukataza kuuzwa, zaweza kuitwa nakala za tangazo. Hizi ndizo zinazotafutwa sana na wakusanyaji kwa sababu zilikuwa chache, na kwa mwanaisimu zina thamani nyingine: hutangulia nakala za dukani, na pengine huonyesha tahajia kabla haijasahihishwa, au kabla haijaharibiwa.

3.0 Kiswahili kilichofungwa ng'ambo

Mwaka 1962 filamu ya Howard Hawks iitwayo Hatari!, iliyopigwa kaskazini mwa Tanganyika na kuigizwa na John Wayne, ilifuatwa na santuri ya muziki wa Henry Mancini iliyotolewa na RCA Victor. Kampuni ilitoa nakala za aina mbili: LPM-2559 kwa sauti ya mkondo mmoja na LSP-2559 kwa sauti ya mikondo miwili. Herufi moja katika namba humwambia mkusanyaji ni kitu gani alichoshika kabla hajaigusisha sindano.

Kinachostahili kuangaliwa na mwanaisimu ni maneno. Neno la Kiswahili limekuwa jina zima la kitu kilichouzwa Marekani, likiwa na alama ya mshangao kana kwamba ni ukelele. Ndani yake umo pia wimbo uitwao “Big Band Bwana”. Neno bwana, ambalo kwa mzungumzaji wa Kiswahili ni la heshima, la ndoa, na hata la mazoea baina ya marafiki, limebaki hapo na kivuli kimoja tu cha maana, kile cha mzungu wa safari za kuwinda. Santuri hiyo haina maneno ya kuimbwa kwa Kiswahili yanayoweza kuchambuliwa. Kiswahili chake chote kiko juu ya karatasi. Mtafiti aliyejizoeza kusikiliza tu angeiacha kama kitu kisichomhusu.

4.0 Mfano wa jina Wanyika

Mfano ulio na uzito zaidi unatoka Arusha, mji ambao ndio mlango wa Karatu. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, waliotoka Tanga, walipiga muziki Arusha katika bendi ya Arusha Jazz kabla ya kuvuka mpaka mwaka 1971 na kuunda Nairobi bendi ya Simba Wanyika. Kuvuka huko hakukuwa jambo la pekee. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua nafasi ya Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1965, ilirekodi bendi nyingi kwenye kanda, lakini kanda hizo zilipaswa kufika Nairobi ndipo ziwe santuri za kuuzwa. Lebo ya wimbo wa Mtanzania, kwa hiyo, iliandikwa na kupangwa chapani katika nchi nyingine.

Tuliangalie jina lenyewe. Kwa sarufi ya Kiswahili sanifu, maana iliyokusudiwa ingeandikwa “Simba wa Nyika”: nomino, kiunganifu -a chenye upatanisho wa kiumbe hai, na nomino ya mahali. Tahajia iliyokaa kwenye lebo imekiunganisha kiunganifu na nomino inayofuata. Kwa sikio hakuna tofauti yoyote. Kwa jicho tofauti ni kubwa, kwa kuwa wanyika sasa husomeka kama nomino ya ngeli ya A/WA katika wingi, yaani watu wa nyika, ambao umoja wao ungekuwa mnyika.

Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki, akiwamo Omar Shabani, walijitenga wakaunda Les Wanyika pamoja na John Ngereza, na wimbo wao “Sina Makosa” ukavuma kote Afrika Mashariki. Jina hilo jipya lisingewezekana kama uchanganuzi wa awali ungalihifadhiwa. Haiwezekani kuiondoa nomino kuu simba na kukiacha kirai “wa nyika” kisimame peke yake kama jina. Imewezekana kwa sababu “wanyika” lilikwisha kuwa neno zima. Aidha, kibainishi les cha Kifaransa, kilichoigwa kutoka mtindo wa bendi za Kikongo kama Les Mangelepa, ni cha wingi. Hapo pana wingi juu ya wingi, mmoja wa Kifaransa na mwingine wa Kibantu. Likafuata Super Wanyika, na bendi mama nayo ikajitambulisha kwenye majalada kama Simba Wanyika Original, kwani jina lilikuwa limekwisha kuwa la ukoo unaogombewa.

Inafaa ikumbukwe kwamba watu wa pwani walikuwa wakiwaita majirani zao wa bara “Wanyika” kwa dharau, hata jina Mijikenda liliposhika nafasi hiyo katika miaka ya 1940. Katika lebo za Nairobi neno hilohilo limegeuka kuwa fahari. Historia hii yote imo katika nafasi moja iliyoachwa au isiyoachwa baina ya herufi mbili, na nafasi hiyo haisikiki kwenye kanda.

5.0 Upande wa pili

Umbo la sahani nalo liliigawa matini. Santuri za mizunguko 78, kama zile za Siti binti Saad na wenzake waliorekodi Bombay kwa HMV mwaka 1928, zilichukua takriban dakika tatu kila upande. Santuri ndogo za dansi ziliendeleza mgawanyo huo: wimbo mmoja ulikatwa sehemu ya kwanza na ya pili, sahani ikageuzwa katikati ya kisa. Mtafiti anayenukuu upande wa kwanza tu hupata malalamiko ya mpenzi bila jibu lake.

Baada ya Mbaraka Mwinshehe kufariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwezi Januari 1979, nyimbo zake zilikusanywa katika mfululizo wa santuri ndefu ulioitwa Ukumbusho. Nyimbo zilizotoka kwanza ndani ya bahasha za kampuni zikapata jalada, na jalada likazipa maana mpya ya maombolezo. Msikilizaji aliyeufahamu wimbo wa mzaha kupitia Ukumbusho ameupokea ukiwa umekwisha kuvishwa sanda. Ndiyo maana haitoshi kunukuu jina la wimbo pasipo kutaja toleo lililosikilizwa.

Lebo ni hati ya umiliki pia. Katika mzozo wa muda mrefu juu ya “Malaika”, jina lililochapwa lilikuwa la Fadhili William, na Adam Salim aliyedai kuutunga hakuwa na karatasi ya namna hiyo ya kuonyesha.

6.0 Karatasi na hali ya hewa

Plastiki ya santuri huvumilia, karatasi haivumilii. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wake wa asubuhi hulowesha bahasha mpaka ikashikamana na lebo. Karatu ina vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Kufungwa kwa mpaka wa Tanzania na Kenya tangu 1977 hadi 1983 kulipunguza nakala zilizovuka, na kanda za kaseti zilizofuata zilifanya wenye santuri waziweke stoo. Bahasha ndizo zilizotangulia kuharibika, na wengi huzitupa wakidhani wameokoa kilicho cha maana.

Mwanafunzi atakayekusanya santuri katika eneo hili na apige picha pande zote mbili za lebo kabla ya kusafisha chochote. Anukuu tahajia kama ilivyo, pamoja na makosa, nafasi na herufi kubwa. Aandike namba iliyochapwa na iliyochongwa. Asifute maandishi ya kalamu yaliyo juu ya bahasha: jina la mwenye mali, tarehe ya kununuliwa, wakati mwingine jina la wimbo lililoandikwa upya kwa jinsi mwenyewe alivyolisikia. Mwenye santuri ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiiraqw, akilitenganisha au kuliunganisha “wanyika” kwa mkono wake, ametoa uchanganuzi wake wa sarufi ya Kiswahili, na uchanganuzi huo una haki ya kuwekwa kando ya ule wa mpiga chapa wa Nairobi.