Kabla Hujanunua Droni: Mwongozo kwa Msomaji wa Handeni na Korogwe

Siku hizi harusi bila picha za juu inaonekana haijakamilika. Maharusi wanashuka garini, matarumbeta yanalia, na juu ya maturubai kuna kidude kinavuma kama nyuki. Hicho ndicho droni, au ndege nyuki: ndege ndogo isiyo na rubani, yenye kamera, inayoendeshwa kwa rimoti ukiwa chini. Vijana wa Mazingara, Handeni, wanaopiga picha za harusi, na wakulima wanaotaka kuona shamba zima kwa mara moja, wanauliza swali lilelile: ninunue ipi, na niandae shilingi ngapi?

Kabla ya bei, tuzungumze ruhusa, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Tanzania droni hairuki wala haiingizwi nchini kienyeji. Kuna kanuni za mwaka 2018 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kabla TCAA haijakupa kibali unatakiwa uwe na idhini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa hiyo anza na barua na fomu, duka lifuate baadaye. Maelezo na fomu vipo kwenye tovuti ya TCAA, na makao yao makuu yapo Banana, Ukonga, jijini Dar es Salaam. Ulizia ada zote kabla hujafunga bajeti. Malipo ya serikali hulipwa kwa namba maalumu ya malipo, benki au kwa simu. Anayekuambia umpe taslimu mkononi ili “akusaidie”, mkwepe.

Utasikia muuzaji akisema, “Hii ina gramu 249, haihitaji kibali.” Maneno hayo yametoka Marekani na Ulaya, ambako droni nyepesi chini ya gramu 250 zimelegezewa baadhi ya masharti. Hapa kwetu wepesi wa droni haukuondolei wajibu wa kuomba kibali.

Sasa, unaitaka kwa kazi gani? Jibu hili kwa ukweli, kwa sababu ndilo litakalookoa mfuko wako. Anayepiga harusi na mikutano anahitaji picha tulivu na betri za kutosha. Mwenye ekari zake za mahindi au machungwa anataka tu kuona wapi pamekauka na wapi maji yametuama, na kwa hilo droni ndogo ya kawaida inatosha kabisa. Kupulizia dawa ni kazi ya droni kubwa za kilimo, na hizo ni bei nyingine na mafunzo mengine. Na kama lengo ni mipaka ya shamba, picha ya droni itakusaidia kuelewa eneo lako, ila hati haitoki humo. Hiyo ni kazi ya mpima ardhi aliyesajiliwa.

Tuje kwenye bei. Nitakazotaja ni zile za Marekani droni hizo zilipotoka, nikigeuza dola moja kwa shilingi 2,500. Dar es Salaam utazikuta juu zaidi, kwa sababu kuna usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na faida ya mwenye duka.

Ukiwa na chini ya laki mbili utauziwa droni za kuchezea, zile zinazoandikwa 4K kwenye boksi. Usizinunue kwa kazi. Nyingi hazina GPS, yaani chombo kinachoiwezesha droni kujua ilipo na kurudi ilikotoka. Upepo wa alasiri ukivuma inakwenda nao, na utaitafuta kwenye mashamba ya watu hadi magharibi.

DJI Neo, ya kampuni ya Kichina ya DJI, ilitoka mwaka 2024 kwa dola 199, karibu laki tano. Ina gramu 135, inaruka kutoka kiganjani na inakufuata yenyewe. Lakini hukaa hewani dakika 18 tu, tena hewa ikiwa tulivu. Inamfaa anayejirekodi mwenyewe. Kwa harusi ni ndogo mno.

Kwa wasomaji wengi wa makala hii, mahali pa kusimama ni DJI Mini 4K. Ilitoka mwaka 2024 kwa dola 299, kama shilingi 750,000. Ni nyepesi chini ya gramu 249, ina GPS, na kampuni inasema hukaa hewani dakika 31. Wewe hesabu 22 hadi 25, kwa sababu dakika za kampuni hupimwa kusiko na upepo na betri ikaisha yote. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kamera yake imebebwa na gimbali, kishikio chenye mota ndogo tatu kinachoituliza kamera droni inapoyumba. Hiki ndicho kinachotenganisha picha ya kuuza na picha ya kutia kizunguzungu. Hiyo 4K maana yake ni ukali wa picha: nukta ni mara nne ya zile za Full HD. Uzuri wake una gharama, kwani dakika moja inaweza kula MB 750 za memori kadi, hivyo nunua kadi ya GB 128 yenye kasi, iliyoandikwa V30.

Mteja wako akitaka video ya kusimama wima kwa ajili ya statasi na TikTok, tazama DJI Mini 3 au Mini 4 Pro, ambazo kamera zake hujigeuza wima. Mini 4 Pro ilitoka mwaka 2023 kwa dola 759, karibu milioni moja na laki tisa, na ina vihisi vya kuona vizuizi pande zote. Mini 4K haina hivyo: ukiielekeza kwenye mwembe, itaingia mwembeni. Juu ya hapo kuna Air 3, gramu 720, kamera mbili, dola 1,099. Hiyo inunue pale tu kazi zako zitakapoweza kuilipa.

Usinunue droni yenye betri moja. Tafuta kifurushi chenye betri tatu, la sivyo utamwambia bibi harusi asubiri chaji. Droni nyingi za DJI pia zinahitaji simu iliyounganishwa kwenye rimoti, na programu yake, DJI Fly, kwa simu za Android hupakuliwa kwenye tovuti ya DJI, haipo Google Play. Ipakue na uiwashe droni kwa mara ya kwanza ukiwa penye mtandao mzuri.

Za mkononi je? Zipo, na si mbaya. Iwashe mbele ya muuzaji: kamera inapaswa kuinuka, kugeuka kidogo na kutulia, ikitetemeka, huenda ilishaanguka. Pitisha kidole kwenye mapanga kutafuta ufa. Betri iliyovimba ikatae hata ukipewa bure. Mwambie mwenyewe aiondoe droni kwenye akaunti yake hapohapo mkiwa pamoja.

Ukishaipata pamoja na kibali, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kuruka, usipite kwa kimo cha chini juu ya mifugo, na waombe ruhusa watu unaowarekodi; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda. Weka kimo cha kurudi nyumbani, yaani kile ambacho droni hurukia ikirudi yenyewe, kiwe juu ya mti na mnara mrefu kuliko yote jirani. Wa Korogwe, chini ya Usambara, kumbukeni kwamba kimo kinachoonekana kwenye rimoti hupimwa kutoka ulipoirushia. Ukiirushia bondeni ikasoma mita 100 huku inaelekea mlimani, huenda imebakiza mita chache kugonga mteremko. Hifadhi za Taifa, ikiwemo Mkomazi na Saadani, usirushe bila kibali cha TANAPA, shirika linalozisimamia.

Na kama shughuli zako ni mbili tatu tu kwa mwaka, usinunue kabisa. Kodi mpigapicha mwenye droni, na umwombe akuonyeshe kibali chake kabla hujampa kianzio.