Dondoo Muhimu: Mashine ya kuchomelea ya bei ya kutupa

Umeona mashine ya jina geni Kariakoo, bei imeshushwa? Kabla hujatoa pesa:

1. Puuza namba kubwa ya ampea kwenye boksi. Soma kibati cha mashine. Rodi ya milimita 2.5 hutosheka na ampea 70 hadi 100.

2. Kwenye kibati hicho tafuta asilimia ya muda wa kazi: 20% ni kuchomelea dakika 2 na kuipumzisha 8. Haipo? Iache.

3. Dai ichomelee chuma mbele yako. Taa kuwaka na feni kuzunguka si jaribio.

4. Shika waya wake baada ya jaribio. Ukiwa wa moto, ni mwembamba mno.

5. Risiti iandikwe muda wa waranti. "Ikisumbua irudishe" ya mdomo haina kazi.

6. Tenga pesa ya kofia ya maana na glovu za ngozi. Miwani ya jua haikingi macho.

7. Usiichomeke kwenye ekstensheni ya televisheni.

Kama una geti moja tu la kuziba, mwite fundi. Mashine itakaa stoo ikila vumbi.